Sentensi Isiyokuwa na Ng'ombe

Wairimu,

Mambo ya gumboots, blanketi na dawa ya kifua sitayaandika. Binamu yako Kamau amefanya kazi kwenye mitambo ya mvuke ya Olkaria kitambo na ndiye anayeijua baridi ya kule, na jiko la kambi utakalopikia lina sufuria kubwa kuliko zote ulizowahi kusugua hapa. Nimekaa kuandika kwa sababu tangu majibu ya chuo yaje hatujazungumza kama watu, na kesho unaondoka. Ningekuja nigonge mlango wako, lakini najijua. Nikifungua mdomo utadhani kengele imelia na kipindi kimeanza.

Naandika kwa Kiswahili. Najua utashangaa, maana nyumba hii ilikuwa na Kiswahili cha kuitishia mboga na Kiingereza cha mambo ya maana, na Kikuyu tulikiacha nje pamoja na viatu vyenye matope. Lakini Kiingereza changu umekisoma cha kutosha mwaka huu.

Wacha niseme wazi, kwa sababu humu ndani tumekuwa tukilizunguka jambo hili kama choo kilichobomoka. Ulikuwa na nafasi katika chuo cha mtandaoni, kozi ya maendeleo ya jamii. Uliipata wewe mwenyewe kwa alama zako. Nimeipoteza mimi. Usimsingizie yule fundi wa Bondeni aliyetuuzia laptop inayozima ikiguswa, wala mtandao wa Njoro unaokimbia mvua ikianza kunyesha. Hayo yote uliyashinda. Ulikuwa unakaa kando ya dirisha la jikoni, ndipo network ilipokuwa inapatikana, na shuka umejifunika mabegani, unasikiliza masomo ya watu wa nchi tano kwa earphone ya upande mmoja.

Kazi yako ya kwanza bado naikumbuka. Swali lilikuwa ni nani anayeamua kuhusu mali katika familia za mashambani. Uliandika juu ya shosho yako wa Mau Narok, mama wa marehemu baba yako, ambaye ndiye uliyepewa jina lake. Kiingereza chako kilikuwa kifupi kifupi. Nikikirudisha kwa Kiswahili kilisema hivi: "Ng'ombe wa shosho si wa shosho. Maziwa ya asubuhi yanaenda kwa chama cha wafugaji na pesa inaingia kwa guka, mumewe. Maziwa ya jioni ndiyo ya shosho. Ndiyo maana shosho anapenda jioni."

Ulikuwa unaosha vyombo nilipoyasoma. Nikaona aibu, Wairimu. Nilifikiria watu wa chuo, wenye madigrii yao, wakisoma habari za guka na chama cha maziwa, nikaona kama wamechungulia ndani ya nyumba na kukuta vitanda havijatandikwa. Nikavuta kiti. Nikaifuta ile sehemu yote nikaweka sentensi moja ndefu, yenye rasilimali za uzalishaji na umiliki na mifumo ya kijinsia, sentensi iliyovaa suti na tai. Ukaja ukipangusa mikono ukaniuliza, "Madam, umebadilisha kitu?"

Nikakuambia, "Ni comma tu nimeweka."

Alama zilikuwa nzuri. Tukafurahi, tukapika chapati. Basi kazi ya pili nikaiwekea koma, na ya tatu, na kufikia ya tano ulikuwa unaniachia laptop mezani bila kuniuliza chochote. Mimi nikaona ni heshima hiyo.

Sijui kama nimewahi kukuambia kilichonifanya niwe hivi. Nikiwa bado mwalimu mpya, alikuja mkaguzi darasani kwangu. Mimi nimekulia kijiji ambacho r na l ni ndugu wasiojulikana nani mkubwa. Nikawaambia watoto kwa Kiingereza wafungue vitabu wasome, na neno likatoka jinsi lilivyotoka. Mkaguzi akalirudia. Akalirudia tena, polepole, akiwaangalia watoto, mpaka wakaelewa kwamba wameruhusiwa kucheka. Walicheka muhula mzima. Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona unyasi. Mimi tangu siku ile sijawahi kutamka sentensi ya Kiingereza kabla ya kuipitisha kichwani kwanza, kama mtu anayenusa maziwa kabla ya kuyamimina kwenye chai. Na nilipokuzaa nikaapa kwamba wewe hakuna atakayekucheka. Kiapo kilikuwa kizuri. Namna ya kukitimiza ndiyo iliyokuwa mbaya.

Nilianza mapema. Ulipoingia darasa la kwanza shuleni kwangu nilikupa sheria moja, kwamba ndani ya lile geti mimi si mama yako. Watoto wengine wasije wakasema unapendelewa. Uniite Madam kama wote. Ulikuwa mtoto wa kutii, ukalibeba hilo jina ukaja nalo mpaka nyumbani, na mimi sikukuambia ulitue. Kuna siku homa ilikushika usiku ukaniita kutoka kitandani, "Madam, nasikia baridi." Nilikuletea blanketi la pili. Nilikuwa nimechoka, nikajiambia mtoto atazoea, ataacha mwenyewe. Ulizoea kweli.

Halafu kuna siku ya kibao. Unakikumbuka, kile kipande cha mbao chenye kamba, kilichokuwa kinavalishwa mtoto aliyekamatwa akiongea lugha ya nyumbani, naye azunguke nacho shingoni mpaka amsikie mwenzake akikosea amhamishie. Mimi ndiye niliyekuwa nakitunza. Ulikuwa darasa la nne. Shosho alishuka kutoka Mau Narok na chupa ya maziwa, akakuita pale kwenye geti kwa Kikuyu, nawe ukamkimbilia ukimjibu kwa Kikuyu. Wenzako wakaja mbio, "Madam! Madam! Wairimu ameongea mother tongue!" Shule nzima ilikuwa inaniangalia nitafanya nini na mtoto wangu. Nikakuvalisha shingoni, mbele ya shosho.

Akaniuliza, "Mama Wairimu, kwani huyu mtoto amefanya nini?"

"Ameongea Kikuyu, mama."

Akakiangalia kile kibao, akaangalia chupa yake ya maziwa. "Na mimi ndiyo nimemwongelesha. Mimi nitavaa kipi?"

Nilimwambia tu akae kivulini nitamletea kiti. Tangu hapo umekuwa ukimjibu shosho kwa tabasamu na kichwa. Anakuongelesha, unacheka vizuri, unamshika mkono, na yeye huniambia, "Wajina wangu ni mpole sana." Sijawahi kumwambia kuwa si upole.

Mengine unayajua, ulikuwa ndani yake, ila nataka uyasikie kutoka kwangu. Hapo chuoni kulikuwa na jukwaa la kujadiliana, wanafunzi mnaandikiana maoni. Hilo sikuligusa, niliona ni porojo. Huko uliandika mwenyewe, kwa ile lugha yako ya kifupi, na watu walikuwa wakikujibu. Yule mhadhiri wenu, Daktari, akaanza kuona wanafunzi wawili ndani ya jina moja. Kwenye jukwaa kulikuwa na msichana anayemjua ng'ombe kwa jina. Kwenye insha kulikuwa na mtu wa suti. Akaomba muonane kwa video.

Nilikuambia usiogope, nitakuwa karibu. Nikakaa kwenye kigoda chini ya meza, pale kamera isipofika, nimeshika karatasi. Mwalimu mzima na nywele zangu za mvi, nimejikunja kama paka anayesubiri nyama. Daktari alikuwa mama mpole. Kiingereza chake chenyewe kilikuwa na lafudhi nzito ya kwao, na wala hakuonekana kuhangaika nayo, jambo lililoniudhi bila mimi kujua kwa nini. Akakusomea ile sentensi yangu. Akasema, "Hapa unazungumzia rasilimali za uzalishaji. Nipe mfano mmoja tu, kutoka mahali unapopajua."

Mfano mmoja, Wairimu. Ulikuwa nao tangu mwanzo, una pembe na mkia, unakula majani Mau Narok. Lakini ile sentensi niliyokupa haikuwa na ng'ombe. Nilikuwa nimemtoa. Ukaanza kutafuta, na mimi badala ya kukuacha utafute nikanong'ona kutoka chini, "Land tenure. Sema land tenure."

Ukasema, "Land tenure."

"Nieleze kidogo."

Ukanitazama. Ni kule kutazama chini ndiko kulikomaliza. Daktari akauliza kwa sauti ileile ya upole kama kuna mtu hapo karibu nawe. Wewe hukufundishwa kudanganya. Hilo angalau tulilifanya vizuri, mimi na marehemu baba yako. Ukajibu, "Yes. My teacher."

Hukusema mama. Hata hukuchelewa kulitafuta neno, lilitoka lenyewe. Na kule upande wa pili wakaelewa walivyoelewa, kwamba una mwalimu wa kukodi anayekuandikia kazi. Barua ya kukutoa kwenye kozi ilisema hivyohivyo, kwamba ulisaidiwa na mtu wa nje.

Lakini walikupa nafasi ya rufaa. Mlango ulikuwa bado haujafungwa, na hili ndilo linaloninyima usingizi hata mchana. Uliandika rufaa yako peke yako. Uliandika ukafuta ukaandika, kisha ukaniambia, "Madam, angalia tu kama nimeweka jina la kozi sawasawa, halafu utume. Nimechoka." Ukaenda kulala.

Ilikuwa ya mistari michache. Ulikuwa umeandika: "Mtu mliyemsikia ni mama yangu. Hakulipwa. Yeye ni mwalimu na hajui kusoma bila kalamu mkononi. Ninaomba mniulize tena nikiwa peke yangu."

Nimeisema hii kichwani mara nyingi mpaka naijua kuliko sala. Sasa naona kwamba ilikuwa kila kitu walichohitaji. Usiku ule niliona kitu kingine. Niliona kamati nzima ikisoma kwamba mama yake huyu mtoto, mwalimu tena, alijificha chini ya meza. Niliwaona wakicheka. Nikamwona yule mkaguzi amekaa katikati yao. Nikafuta "ni mama yangu". Nikafuta na ile ya kalamu. Nikaandika aya mbili safi kuhusu mazingira yasiyoepukika na dhamira yako ya kuzingatia maadili ya kitaaluma, nikahakikisha jina la kozi liko sawasawa, nikatuma.

Majibu yalikuja ukiwa jikoni unageuza ugali. Uliyasoma kwa sauti. Kwamba mwombaji hakueleza yule mtu alikuwa nani. Kwamba lugha ya rufaa inafanana na lugha ya kazi zilizotiliwa shaka. Kwamba uamuzi unabaki.

Ukasema, "Eti sikueleza? Si niliwaambia?"

Nilikuwa nakata sukuma wiki. Niliendelea kukata. Ukafungua ile iliyotumwa ukaisoma mpaka mwisho, ugali ukaanza kuungua, na hakuna kati yetu aliyeinua mkono kuushusha.

"Uliniambia ni comma," ukasema.

Ndiyo mazungumzo ya mwisho tuliyokuwa nayo. Yaliyofuata ni ya chumvi na maji. Niliposikia umempigia Kamau, nikasimama kwenye korido nikasikiliza kama mwizi. Alikuwa kwenye spika: "Job iko, lakini ni ya jikoni, cuzo. Kuamka mapema, mafundi wanataka chai before shift. Hauwezi ngoja huko shule wakurudishe?" Nawe ukamwambia, "Hakuna shule, Kamau. Nitakuja."

Daktari aliandika mwishoni mwa yale majibu ya rufaa kwamba unaweza kuomba upya, uanze mwanzo, na kwamba atafurahi kukuona. Nilikubandikia ile karatasi kwenye mlango wa kabati. Ukaibandua ukanirudishia, ukaniuliza bila hasira, "Nianze na English ya nani?" Nimekaa na swali hilo. Nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote na sina jibu lake. Kama ningekuwa nalo ningeliandika hapa, hata kwa herufi kubwa.

Wengine wangekuambia usikate tamaa, mlango mmoja ukifungwa mwingine hufunguka. Mimi siwezi. Nimeona wasichana wangapi niliowafundisha wakisema wanatoka kidogo watarudi shule. Nakutana nao sokoni na watoto mgongoni, wananisalimia kwa Kiingereza kizuri nilichowafundisha, "How are you, Madam", na hapo ndipo Kiingereza chao kinapoishia. Sidhani utarudi. Nasema hivi kwa sababu umeshachoshwa na watu wanaokuandikia mambo mazuri yasiyo yako.

Usidhani pia kwamba mimi nimebadilika. Ningependa uondoke ukijua mama yako amejifunza. Kibao tulikiondoa shuleni zamani. Siku hizi tunaandika jina la mtoto ubaoni, na chaki huwa mkononi mwangu. Wiki iliyopita mtoto mmoja wa darasa la tano aliandika insha juu ya babake anayepiga ngano dawa mashambani, jinsi anavyorudi nyumbani nao watoto hawaruhusiwi kumkumbatia mpaka aoge. Ilikuwa nzuri ikanitoa machozi. Chini yake niliandika mwanzo wa insha ni dhaifu, aanze na mandhari. Unayajua mandhari yetu, asubuhi yenye jua la kupendeza na ndege wakiimba mitini. Nimewafundisha asubuhi hiyo watoto wote wa hapa, hata mwaka wa ukame ndege waliimba. Niliona mkono wangu ukiandika na sikuweza kuushika. Nadhani nitakufa hivi.

Hata barua hii. Nilipofika katikati nilirudi juu kuisoma, nikashtuka nimeshaikata maneno kwa kalamu nyekundu. Sijui niliichukua saa ngapi. Utayaona hapo ukurasa wa kwanza, nimeyaacha yaonekane.

Jambo moja tu nakuomba, na si ushauri. Huko jikoni, wakikuuliza umetoka wapi na umesoma mpaka wapi, wajibu unavyotaka, kwa lugha yoyote itakayotangulia mdomoni. Na siku ukipata off, usije hapa kwanza. Shuka Njoro upite moja kwa moja mpaka Mau Narok, ufike jioni, wakati anaokamua maziwa yake. Atakuongelesha. Huenda usielewe yote na huenda usiweze kumjibu, nilihakikisha hivyo. Kaa naye tu. Mimi nikienda ananipa kiti na kuniita mwalimu, na hatuna la kuongea.

Nakupenda, Wairimu. Sijui nililisema lini mara ya mwisho bila kulitundikia sharti.

Kesho asubuhi utasimama hapo mlangoni na begi lako. Hutalia, wewe si wa kulia mbele ya watu. Utaniambia, "Madam, nimeenda." Lile neno lingine ulishaliandika, uliliweka mahali pake, kwa Kiingereza kisicho na kosa hata moja, ukaniamini nilitume. Ni mimi niliyelifuta. Kwa hiyo usihangaike kulitafuta. Sitakusahihisha. Ita hivyohivyo, nami nitaitika.

Mama Wairimu